Habari za Yai Moja, na Jinsi Mhesabu Maganda Alivyolifikisha Kinywani

Haya, sogeeni. Enyi mliokaa na mliosimama, mlioshiba na mnaojidai mmeshiba, tegeni masikio, maana habari niliyowaletea haifai kusikilizwa kwa sikio moja huku jingine liko kwenye simu. Wewe hapo, ifunge. Wako waliowasifu wafalme waliobomoa ngome, wako waliowaimbia majemadari waliovuka majangwa na farasi zao. Hao nawaachia wenyewe. Mimi nitawasimulia habari za mtu aliyekabidhiwa yai moja la kuchemsha, uzito wake gramu hamsini na tatu, akaamriwa ahakikishe limeingia katika kinywa cha mwanamke mmoja mjamzito, na kinywa hicho kilikuwa umbali wa shubiri mbili kutoka kwenye sahani. Msicheke. Shubiri mbili hizo ziliwashinda wasomi wenye shahada ukutani kwa majuma kumi na moja.

Shujaa huyo jina alilopewa na wazazi wake halikutumika tena; hata mkewe alikwisha kuliacha. Katika chumba cha utafiti kilicho nyuma ya wodi ya wazazi, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya magongo na vitanda vibovu, watu wote walimwita Mhesabu Maganda, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake chini ya jua. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa gundi ya karatasi kwenye mkono mmoja, na sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Lakini mbele ya ganda la yai, ndugu zangu, alikuwa simba. Aliweza kutazama vipande ishirini akakwambia vilikuwa mayai mangapi, na kwamba moja lilivunjwa na mtu mwenye haraka.

Ilikuwaje mtu mzima akahesabu maganda? Tulieni, nafika huko. Palikuwa na Profesa, mkuu wa chumba kile, bingwa wa mambo ya lishe ya mama na mtoto aliye tumboni. Profesa alitaka kujua chakula anachokula mama kinapita njia gani mpaka kikawa damu yake na mifupa ya mwanawe, ini linafanya nini, kondo la nyuma linachuja nini, na kwa nini baadhi ya akina mama damu yao ni nyepesi na vichwa vyao vinazunguka wakiinama kuchota maji. Basi akawaandikisha wajawazito mia mbili, akaagiza kila mmoja apewe yai moja kwa siku. Na ili awe na uhakika kwamba mayai yameliwa, akabuni hila ambayo aliisifu mwenyewe katika mikutano mitatu: kila Ijumaa kila mama arudishe maganda. Maganda saba, mayai saba, mama ameshiba, fomu imejaa.

Majuma kumi na moja maganda yalikuja bila kupungua hata moja. Majuma kumi na moja damu za akina mama zilipimwa, zikawa palepale zilipokuwa, kama vile hawajawahi kuonana na kuku.

Mtu mwingine angejikuna kichwa. Profesa hakujikuna, aliagiza ubao mweupe mkubwa zaidi. Akachora utumbo, akachora ini, akachora mishale myekundu inayokwenda na mishale ya buluu inayorudi, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: UKAIDI WA UTUMBO WA MAMA MJAMZITO. Ilikuwa nadharia mpya. Kwa mujibu wake, mwili wa mama wa maeneo haya, kwa sababu zilizofichika ndani ya chembechembe zake, ulikuwa unalipokea yai kwa heshima zote halafu unalikataa. Kulikuwa na watu wa mbali waliokwisha kumwandikia wakitaka kuusikia ukaidi huo kwa masikio yao.

Yakabaki majaribio ya mwisho. Alhamisi moja, saa moja na nusu asubuhi, Profesa akamsimamisha shujaa wetu mbele ya ule ubao, akanena naye kwa sauti ya mtu anayehutubia jeshi, ingawa chumbani mlikuwa na watu wawili na jokofu.

"Ewe Mhesabu Maganda, ulimwengu unatungoja. Leo utakwenda nyumbani kwa mshiriki nambari sabini na saba. Utachukua tone la damu la kidole chake akiwa hajala kitu. Kisha atakula yai moja mbele ya macho yako, zima, bila kubakiza. Baada ya saa mbili utachukua tone la pili. Yai limejaa kirutubisho kiitwacho kolini. Kama kimeingia mwilini, mashine itakiona. Tone la pili likilingana na la kwanza, basi ukaidi wa utumbo umethibitika, na Jumatatu nasimamisha mayai kwa akina mama wote mia mbili. Hatuwezi kuendelea kuwalisha watu kitu ambacho miili yao haikitaki."

"Na kama likizidi, Profesa?"

"Halitazidi," akasema Profesa, akaugeukia ubao wake.

Mhesabu Maganda akatoka akiwa na uzito moyoni. Nambari sabini na saba alikuwa anamjua. Alikuwa mwanamke anayeitwa Mama Pacha, mimba ya miezi saba, ambaye damu yake ilikuwa nyepesi kuliko ya wote walioandikishwa, na ambaye maganda yake yalikuwa safi kuliko ya wote: aliyaosha, akayakausha, akayapanga moja ndani ya jingine. Ijumaa iliyopita alipoyaleta alilazimika kuketi sakafuni penye foleni kwa sababu macho yaliingiwa na giza. Mayai yakisimamishwa, huyo ndiye wa kwanza kuumia, na shujaa wetu alilijua hilo hata kama mishale ya ubaoni haikulijua.

Tazameni sasa alivyojihami. Alivaa koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la maziwa yaliyochacha. Begani akatundika sanduku la barafu kwa ajili ya damu. Katika mfuko wa kulia akatia sindano ndogo za kutobolea kidole, wa kushoto mizani ya betri isiyozidi kiganja, shingoni akazungusha utepe wa kupimia unene wa mkono. Kwapani akabana fomu ya kurasa tisa. Na ndani ya kikopo kilichotandikwa pamba akalaza mayai mawili yaliyochemshwa: moja la vita, moja la akiba. Kifungua kinywa hakupata, muda ulikuwa umekwenda. Akasoma mara ya mwisho sheria ya saba ya utafiti, inayosema kwamba mshuhudiaji asile, asionje wala asipokee chakula cho chote cha utafiti, akatoka kwenda kupambana.

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa ya vyumba viwili na pazia. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, viti vitatu vya namna tatu, na cherehani ya mumewe, fundi nguo, ambaye alikuwa amekwisha kutoka kwenda kupeleka sare za shule. Mlangoni alikaa mama mkwe akichambua maharagwe kwenye ungo, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti. Na chini ya meza walikuwamo pacha wenyewe, wasichana wawili wa miaka mitatu, kimya. Mtu aliyewahi kulea anajua maana ya ukimya huo.

"Hodi humu ndani."

"Karibu," Mama Pacha akaitikia kutoka nyuma ya pazia. "Unyanyue mlango kidogo, umeshuka bawaba."

"Ni yule wa maganda," mama mkwe akatangaza bila kuinua macho kwenye ungo. "Sasa anayafuata majumbani."

Mhesabu Maganda akasimama katikati ya chumba, akakohoa, akatoa hotuba aliyoiandaa njia nzima. "Amani iwe juu ya nyumba hii na wote wakaao ndani yake. Nimetumwa na wakubwa wa elimu kuja kushuhudia tendo moja dogo ambalo matokeo yake yatasomwa na vizazi. Yule mama atakula, nami nitatazama. Na katika kula kwake na kutazama kwangu, giza lililofunika ini na kondo la nyuma litaondolewa."

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Anasema anataka kuniona nakula yai, mama."

"Yai lenyewe liko wapi?"

Akalitoa. Chini ya meza kitu kikasogea.

Tone la kwanza alilichukua bila taabu. Mama Pacha alikuwa bado hajala kitu tangu jana jioni, na alinyoosha kidole huku mkono wa pili ameushika ukuta. Damu ilitoka nyepesi, yenye rangi ya kusikitisha, ikafyonzwa na karatasi. Kisha shujaa akapima yai la kwanza, akaliandika, akaliweka kwenye sahani, akainamia fomu kutafuta penye saa. Aliinama kwa muda wa mtu kusoma mistari miwili. Ole wake, huo ndio muda ambao falme huanguka.

Alipoinua kichwa, Mama Pacha alikuwa amekwisha kulimenya, maganda kayaweka pembeni kwa adabu, na mkononi ameshika uzi mweusi wa cherehani, ameuvuta ukakaza kwa vidole viwili. Uzi ukapita ndani ya yai mara moja. Ukapita mara ya pili, ya tatu. Sijaona fundi wa dhahabu aliyekata vizuri namna ile. Kipande kikaenda chini ya meza upande wa kushoto, kipande upande wa kulia. Kipande kikaenda mlangoni kwenye kiganja kilichokuwa kimekwisha kufunguka kukipokea. Kiini chote kikaingia kwenye kibakuli chenye mfuniko, cha mume akirudi. Kwenye sahani kikabaki kile kichwa cha yai, weupe mtupu, kipana kama ukucha wa dole gumba. Mama Pacha akakitia mdomoni.

"Tayari, kaka," akasema. "Andika."

Mhesabu Maganda hakuandika. Mbele ya macho yake nadharia nzima ilikuwa imekatwa vipande vitano kwa uzi.

"Kila siku huwa hivi?" akauliza, na safari hii alisahau hotuba.

"Kila siku. Isipokuwa watoto walipokuwa na homa, siku hizo niliwaongezea changu."

"Mama Pacha, lakini sisi tulidhani..."

"Mlitaka maganda," akasema Mama Pacha, na sasa uso ukawa na wasiwasi wa mtu anayeshitakiwa. "Nikaleta maganda. Kuna siku yalipungua?"

"Hayajapungua hata siku moja."

"Niliyaosha na kuyaosha."

"Uliyaosha," akasema shujaa, naye akaona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani mwake. Majuma kumi na moja alikuwa ameunganisha vipande vya maganda kama mtu anayesoma kitabu kitakatifu, na hakuna siku ilipomjia akilini kuuliza kilichokuwa ndani yake kilimfikia nani. Tena akamkumbuka mke wake mwenyewe, ambaye kila akiulizwa mbona hali, husema ameonja onja wakati anapika. Miaka kumi na minne ya kuonja onja, na yeye alikuwa anaamini. Hapo moyo ukamchoma kweli.

Lakini vita ni vita, na huu haukuwa wakati wa kulia. Tone la kwanza lilikuwa limekwisha kuchukuliwa, saa inakwenda, mama ana njaa, macho yanaanza kuingiwa na giza. Ukucha ule wa weupe haukuwa chakula cha kusumbua mashine. Limebaki yai la akiba. Likienda njia ya mwenzake, mashine haitaonyesha kitu, Profesa atachora mshale mwingine, na Jumatatu mayai basi. Akaliweka mezani, akalifunika kwa viganja vyote viwili.

"Mama Pacha, hili ni lako wewe. Lote."

Akatikisa kichwa. "Siwezi, kaka."

"Huwezi kwa sababu tumbo linakataa?"

"Tumbo limekosa nini? Nitakulaje yai zima watoto wananitazama?"

Na kweli walikuwa wanamtazama. Nyuso mbili zilikuwa zimetokeza chini ya maua ya plastiki, macho kwenye viganja vya mgeni, bila hasira, bila haraka, kwa uvumilivu wa askari waliozunguka mji na kujua kwamba chakula cha ndani kitakwisha.

Shujaa akageukia mlangoni, akauona ule ungo, akajua kwamba ufunguo wa boma ni mama mkwe. Akapiga goti moja mbele ya maharagwe. "Ewe mama uliyezaa na kulea," akaanza, "fahamu ya kwamba kiumbe kilichomo tumboni hakina duka wala shamba ila mwili wa mama yake, kikikosa humo hukopa kwenye mifupa yake na kwenye damu yake, na mkopeshaji ndiye anayeanguka. Fahamu pia ya kwamba kondo la nyuma, lile lango tukufu..."

"Baba," mama mkwe akamkatiza, "ungesema tu tutoke."

"Naomba mtoke, mama."

Bibi yule akauweka ungo chini. Akashika fremu ya mlango, akajiinua kwa awamu tatu, kila awamu na mguno wake. Pacha walikataa kutoka, kama ilivyotarajiwa. Mmoja akakumbatia mguu wa meza, mwingine akalala chali. Ndipo Mhesabu Maganda akavua shingoni utepe wake wa kupimia mikono, akautoa sadaka. Akawaambia kwamba yuko mbuzi wa jirani ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumpima mkono. Wakatazamana. Wakanyanyuka, wakatoka mbio, utepe unapepea.

Mama mkwe alikuwa wa mwisho. Alisimama nje ya kizingiti akiwa amewapa mgongo, mpana, kitenge kimefunga mlango wote, akasema bila kugeuka: "Kula, mwanangu. Mimi nilipokuwa na tumbo la mumeo, hakuna aliyewatoa watu nje."

Mama Pacha akaangalia chini. Mshuhudiaji akajifanya anasoma fomu.

Mngedhani vita vimekwisha. Hamjui vita ninyi. Mama Pacha alilimenya yai la pili taratibu, na mkono ukaenda wenyewe kutafuta uzi. Shujaa akaruka, akauteka, akautia mfukoni. Wakabaki wawili na yai katikati yao, jeupe, linang'aa. Akalishika. Akalipeleka juu. Nusu ya njia akasimama, akamtazama mgeni wake usoni.

"Wewe umekula asubuhi?"

Shujaa wetu hakuwa mwongo, na hata angekuwa, tumbo lake lilijibu kabla yake, kwa mngurumo uliosikika mpaka kwenye cherehani.

"Basi chukua nusu," akasema Mama Pacha.

"Sheria ya saba hainiruhusu."

"Ya kwangu hainiruhusu mimi kula mgeni ananikodolea macho na mdomo mtupu. Sikulelewa hivyo."

"Naomba usinihesabu kuwa mgeni. Nihesabu kama kiti."

"Kiti hakiungurumi tumbo."

"Nitatazama pembeni."

"Umesema lazima uone."

Lo, ndugu zangu. Adui wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe. Aliwashinda pacha, alimshinda mkwe, na sasa yeye, askari wa yai, ndiye aliyekuwa amekaa kati ya yai na kinywa kwa sababu tu ni binadamu na hajala. Akawaza kuliko alivyowahi kuwaza. Akila nusu, majaribio yamekufa. Asipokula, Mama Pacha hali. Akatazama sahani huku na huku, na pembeni ya sahani akaona vile vipande vya maganda vilivyotoka kumenywa, vimepangwa kwa adabu.

Akafikiri kama kadhi: sheria ya saba inataja chakula. Ganda si chakula, ganda ni ushahidi. Akachukua kipande kikubwa kuliko vyote.

"Nitakula na wewe," akasema.

Mama Pacha akamtazama. Akamsogezea kisahani. "Chumvi?"

"Naomba."

Akanyunyiza chumvi, akatia mdomoni, akatafuna. Kikalia ndani ya kichwa chake kama mtu anayetembea juu ya kokoto. Hakukunja uso. Alitafuna akiwa ameketi wima, macho mbele, kama mtu aliyealikwa karamuni kwa wakubwa. Mama Pacha kicheko kikampanda, akakizuia, kikamshinda, akacheka mpaka akashika tumbo. Na katikati ya kicheko hicho, kwa kuwa sasa walikuwa watu wawili wanaokula pamoja, akauma yai.

Akauma tena. Weupe ukaisha upande mmoja, kiini kikajitokeza. Na hapo kitenge pale mlangoni kikatikisika, pacha mmoja akapenya kwa chini, anahema. "Mama, mbuzi amekula utepe," akasema. Kisha akaona.

Mkono wa Mama Pacha ulisimama. Nataka mtulie hapa, maana hapa ndipo palipokuwa na vita vyote. Nusu ya yai ilikuwa kwenye vidole vyake, kiini cha manjano, mtoto yuko hatua mbili, kinywa cha mtoto kimefunguka. Mkono ule ukaanza kushuka. Haukuulizwa, ulikuwa umezoea. Ulishuka polepole kuelekea kule ulikoshuka kila siku. Mhesabu Maganda alitaka kupiga kelele lakini kinywa kilikuwa kimejaa ganda.

Ndipo pale kizingitini ukatokea mkono mwingine, mzee, wenye harufu ya maharagwe. Ukamshika mtoto ukosi wa gauni, ukamvuta nyuma, kitenge kikafunga mlango tena.

Mama Pacha akakitia kiini kinywani. Akafumba macho. Alitafuna kwa muda mrefu, zaidi ya yai linavyotaka.

"Nilikuwa nimesahau ladha yake," akasema. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa nyuma ya mkono, akakasirika kidogo kwamba yametoka. "Uandike saa sasa, kaka."

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Aliandika.

Saa mbili alizokaa kulinda tumbo lile nitawapunguzia. Jueni tu kwamba alilinda vizuri, kwamba kipande cha utepe kilipatikana na kipande kilibaki kwa mbuzi, na kwamba tone la pili lilipofyonzwa na karatasi alilibusu sanduku la barafu mtu asimwone.

Ijumaa mashine ikasema. Kirutubisho kile kilikuwa kimepanda kwenye tone la pili kama maji mtungini bomba likifunguliwa. Mhesabu Maganda akaipeleka karatasi mbele ya ubao mweupe, akasimulia yote: uzi, vipande vitano, kibakuli cha mume.

Profesa akaitazama karatasi, akautazama ubao, mishale yake myekundu na ya buluu. "Kwa hiyo utumbo," akasema polepole, "haukaidi?"

"Utumbo hauna hatia, Profesa. Haujawahi kuletewa yai."

Jokofu likanguruma. Profesa akaishika fomu ya kurasa tisa, akaipekua kama mtu anayezama akitafuta ubao wa kushika. "Hapa ganda la yai la pili halijakamilika. Kimepungua kipande kikubwa."

"Nimekila."

"Umekila?"

"Kwa chumvi."

Profesa akaandika pembeni kwamba sampuli iliharibikia njiani. Kisha akasema kwamba hata hivyo haoni la kufanya: utafiti ni wa akina mama, na haukuandikiwa watoto, wakwe wala mafundi nguo, hawezi kulisha kaya nzima kwa ajili ya mtu mmoja, Jumatatu ni Jumatatu. Na hapa, enyi wasikilizaji, yule mpole mwenye sauti ya kuomba radhi akasimama ndani ya koti lake la maziwa yaliyochacha, asiombe radhi.

"Profesa, akina mama mia mbili wametuletea maganda yao yote bila kudanganya. Sisi ndio tuliouliza ganda. Ukisimamisha mayai, nitaandika kwenye fomu zote mia mbili kwamba hakuna aliyewahi kulishwa, maana ndio ukweli, na utakwenda kuwaeleza watu wa mbali kwamba ulipima ukaidi wa uzi. Ukiongeza mayai kufuata vichwa vya nyumba, hayo mengine hayatakuwa chakula cha wakwe. Yatakuwa walinzi wa la mama. Manne ya kulinda la tano."

Profesa akasimama na kalamu hewani. "Walinzi," akanong'ona. Akafuta ubao wote kwa mkono wa shati lake, akaandika upya kwa herufi kubwa: NADHARIA YA MAYAI YA KINGA. Chini yake akaandika jina lake. La Mhesabu Maganda halikuwepo, wala halikuwahi kuwepo, na sijasikia kwamba alilitafuta.

Jumatatu mayai hayakusimama. Yalipelekwa kwa trei, kila nyumba kwa vichwa vyake, na siku ya kwanza shujaa alibeba ya Mama Pacha mwenyewe. Aliweka mezani matano. Pacha wakachukua mawili, mama mkwe akapokea la kwake pale mlangoni, la mume likaingia kwenye kibakuli. Mama Pacha akamenya la mwisho huku anawagombeza wasichana kwa kumwaga chumvi, akauliza habari za mbuzi, akabishana na mkwewe kuhusu maharagwe, na katikati ya maneno hayo akauma, akauma, mpaka alipopapasa sahani na kukuta tupu.

Akashangaa. "Limekwisha?" akamuuliza.

"Limekwisha, dada."

Basi enyi waandishi wa tarehe, wafalme waandikieni ngome zao. Ninyi mliobaki andikeni hili, na mliandike kwa wino wa kudumu: kwamba alikuwapo mwanamke mmoja aliyekula yai zima nyumbani kwake, mchana, mbele ya watoto wake, na wala hawakuwa na haja ya kumtazama.